Mama Povu na Pilsna Isiyo na Asali

Mama Povu hanywi bia. Hili liwekwe wazi mapema, maana watu wakisikia kwamba mtaa mzima wa baa unasubiri ulimi wa mwanamke mmoja, hudhani ni mlevi aliyepata cheo. Wapi! Mama wa watu anakunywa chai ya rangi, tena bila sukari. Bia huinusa, huivuta mdomoni, huizungusha kama mtu anayesukutua, kisha huitema kwenye bakuli la bati analoliweka chini ya kaunta. Ukimtania kwamba kazi yake ni tamu, atakuonyesha bakuli hilo. "Mlevi ni huyu," atasema. "Mimi namwonjea tu."

Jina la Povu alipewa na wateja kwa jinsi anavyomimina. Glasi huiinamisha, bia huteremka ubavuni bila kelele, na mwishoni huinua chupa kidogo tu, povu likapanda hadi ukingoni na kusimama hapo. Halimwagiki hata tone. Wahudumu kadhaa wamejaribu kumwiga, wakaishia kupiga deki.

Baa yake iko mwisho wa mtaa, kati ya duka la vipuri na kibanda cha fundi saa. Ina meza za mbao zilizochubuka kona, feni moja inayolalamika kutwa, na friji refu la kioo linalong'aa kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Rafu za usawa wa macho ni za pilsna ya kutoka nje, ile ya chupa ya kijani, na ndiyo inayoleta wateja. Sasa pilsna hiyo ina safari yake. Inatoka kiwandani huko mbali, inapanda meli, inakaa bandarini ikingoja kibali, inahamia ghalani, inapakiwa kwenye lori, na kila kituo kina jua lake. Tarehe imepigwa shingoni mwa chupa, lakini Mama Povu haishughulikii sana. Husema tarehe inajua bia ilizaliwa lini, haijui imepitia nini.

Kwa hiyo mzigo ukifika, hakuna baa mtaani inayoshusha kreti mpaka yeye aseme. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Ni mazoea tu, yaliyoanza pale baa moja ilipouza mzigo alioukataa na wateja wakahama wote. Tangu hapo wenye baa wenzake huja wenyewe asubuhi, na ndala miguuni, wanasimama mlangoni kama watu wanaongoja majibu ya daktari.

Kazi yenyewe haifanyi kwa pupa. Huchukua chupa moja kutoka kreti ya juu na moja kutoka kreti ya chini kabisa. Huziacha mezani zipungue ubaridi, kwa sababu bia ikiwa baridi kupita kiasi huficha ugonjwa wake. Glasi huiosha mwenyewe na kuiinamisha ikauke kwa hewa, maana kitambaa chenye mafuta huua povu. Chupa ikifunguliwa hutega sikio: anataka mlio mfupi, mkali. Halafu ni zamu ya pua. Harufu ya boksi lililolowa ni uzee. Harufu ya kicheche, yule mnyama anayenuka, ni jua, limepenya chupa ya kijani likaivuruga bia humo humo. Harufu ya kabichi iliyochemshwa ni makosa ya waliopika huko huko kwao. Kisha ulimi, kisha bakuli, kisha hukumu. Bia huitaja kama mtu. "Huyu mzima," au "Huyu mgonjwa," au "Huyu maiti." Mgonjwa huuzwa upesi, akiwa baridi sana. Maiti hurudishwa alikotoka.

Ipo ishara moja zaidi, na hiyo ndiyo ya mwisho na ndiyo kubwa: asali. Uchungu ukishapita, nyuma kabisa ya ulimi, pilsna mzima sharti aache utamu mdogo kama wa asali. Mama Povu huiita "asali kwa mbali", na hakuibuni yeye. Alifundishwa na marehemu mume wake, mpakiaji katika ghala la vinywaji, mtu wa maneno machache na pua ya ajabu. Siku za ujana wao alikuwa akirudi jioni na chupa kwenye mkoba, wanakaa kibarazani, mume anakunywa, mke ananusa.

"Umeisikia?" mume angeuliza.

"Nini?"

"Asali. Kwa mbali."

Mke alikuwa ameisikia siku nyingi, ila anajifanya hajaisikia ili aambiwe tena. Ndiyo yalikuwa mapenzi yao, nani atawahukumu? Baa ilipofunguliwa, wazo lilikuwa la mume. Alipofariki, kazi ya kunusa ikabaki kwa mke, na mpaka leo kila anaposema "asali kwa mbali" anasikia sauti ya mwenzake, ile ya chini chini, iliyokuwa kama inamnong'oneza siri.

Basi walijaliwa binti mmoja, wa pekee. Binti alisomea mambo ya vyakula, akaajiriwa na kampuni inayoleta pilsna hiyo hiyo. Ni mtu wa kushikilia jambo kama kupe. Alimsumbua bosi wake kwa muda mrefu: mzigo usafirishwe kwenye kontena la baridi, vibali viandaliwe kabla meli haijafika, bia iingie mtaani ikiwa bado changa. Bosi alikubali shingo upande, na akatoa kauli yake ya mwisho mbele ya ofisi nzima. "Mtaa wa mama yako ukiukataa mzigo huu, Jumatatu usije."

Binti hakuficha. Alikuja jikoni kwa mama yake akamwambia yote kama yalivyo. "Lakini usinipendelee, Mama."

"Nikupendelee? Ulimi wangu haujui kama nina mtoto."

Wakacheka wote wawili. Binti akaenda zake, na Mama Povu, ambaye hajawahi kuunguza kitu, siku hiyo aliunguza maharage.

Lori lilikuja Ijumaa asubuhi. Dereva alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akashusha kreti za kuonja. Wenye baa walikuwa wamekwisha kujaa, wa kwanza akiwa yule wa kona wanayemwita Kiherehere, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Fundi saa alifunga kibanda chake akaja kukaa kwenye kiti chake cha kila siku, chini ya feni. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, alikunywa naye kibarazani miaka ya ujana, na anapenda watu wakumbuke hivyo. Binti alisimama kando ya lori, mikono nyuma, amevaa shati la kampuni. Alikuwa ameng'ata mdomo tangu aliposhuka.

Mama Povu alifungua chupa ya kwanza. Mlio ulikuwa mfupi, mkali, mzuri kuliko aliouzoea. Akamimina. Povu lilipanda jeupe, likakaa. Akanusa: hakuna boksi, hakuna kicheche, hakuna kabichi. Kuna harufu ya majani mabichi, kama mtu amekata nyasi sasa hivi. Akakunja uso. Akaonja. Uchungu ulimgonga ulimi pande zote, msafi, ukapita, na nyuma yake hakukubaki kitu. Alingoja. Akazungusha tena, akatafuta kule nyuma kabisa, akatema.

"Nipe ya chini," alisema.

Ya chini ilikuwa vile vile.

Mama Povu alimtazama binti yake mara moja, akaondoa macho. Moyo ulikuwa unamuuma, tusidanganyane. Lakini ulimi ulikuwa umesema.

"Huyu simjui," alisema. "Hana asali."

"Mgonjwa au maiti?" Kiherehere aliuliza.

"Nimesema simjui. Hana asali, basi siwezi kumwita mzima."

"Na marehemu alikuwa akisema hivyo hivyo," fundi saa akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Nimemsikia kwa masikio yangu, tumekaa pale kibarazani. Asali kwa mbali ndiyo uzima wa pilsna."

Ikawa imekwisha. Wenye baa walianza kuondoka, Kiherehere akiwa tayari na simu sikioni anawaambia watu wake wasishushe. Dereva akauliza kama arudishe kreti garini. Binti akamwomba asubiri hadi jioni, kisha akaingia ndani, akapita kaunta, akaenda moja kwa moja jikoni. Mama yake akamfuata.

"Mama, asali ni uzee."

"Ebo!"

"Bia ikianza kuzeeka huanza na asali. Ikizidi kuzeeka ndipo inanuka boksi lililolowa. Hii haina asali kwa sababu bado changa. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Hata wanaoipika huko wanaionja hivi."

"Unataka kunifundisha mimi?" Mama Povu alipandisha sauti. "Aliyenifundisha ni baba yako. Baba yako aliyekuwa anatambua mzigo mbovu kreti haijafunguliwa! Wewe umesoma vitabu, yeye alibeba kreti hizo kwa mgongo. Leo hayupo kujitetea, ndiyo unamwita mwongo?"

"Sijamwita mwongo."

"Umemwita nini?"

Binti aliketi kwenye kigoda, akajifuta uso kwa mkono wa shati la kampuni ambalo huenda Jumatatu angelirudisha. Mama yake aliona, na hasira ikamchanganyikia na huruma hadi akakosa la kufanya. Akachukua glasi safi akaanza kuiosha upya.

Halafu binti, bila ubishi, kama mtu anayetaka kuelewa tu, akauliza: "Baba alikuwa anazitoa wapi zile chupa?"

"Zipi?"

"Za kibarazani. Mlizokuwa mnakunywa jioni."

"Mimi sikunywa, nilinusa," Mama Povu alimkosoa kwanza, maana jambo hilo halipitishi. "Alizitoa kazini. Ghala lilikuwa linaondoa rafuni zile zilizopitisha tarehe, zinarundikwa uani chini ya bati. Wapakiaji walikuwa wanaruhusiwa kugawana. Ilikuwa bia ya nje hiyo, mwanangu, wakubwa tu ndio walikuwa wanainywa! Sisi tungeipata wapi mpya? Baba yako alikuwa anachagua kwa kunusa, anawaachia wenzake zenye boksi, analeta nyumbani zile..."

Mkono wake ulibaki ndani ya glasi. Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka, hakuyafunga. Miaka yote hiyo alikuwa anajua habari ya chupa za uani, na miaka yote hiyo alikuwa anajua habari ya asali, na hajawahi kuyaweka mambo hayo mawili meza moja. Zilizopitisha tarehe, chini ya bati, juani. Mume wake alichagua zilizo nzuri katika zilizotupwa. Kati ya hizo, yenye asali ndiyo ilikuwa nafuu.

"Hakuwahi," alisema polepole. "Baba yako hakuwahi kunywa iliyo nzima. Hata siku moja."

Binti alisimama akafunga bomba.

"Kwa hiyo alikuwa mjinga?" mama aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Hapana, Mama. Aliisikia asali wakati wenzake wanasikia pombe tu. Pua yake ilikuwa sawa. Hakuwa na bia nyingine ya kulinganisha nayo."

Mama Povu aliketi kwenye kile kigoda alichokiacha binti. Aliumia. Hakuumia kwa ajili ya kukosea, ingawa kwa miaka yote hiyo alikuwa amewapitishia watu bia wazee akiwaita wazima, na akawarudisha bia vijana wawili watatu waliomshangaza. Aliumia kwa ajili ya yule bwana pale kibarazani, akitabasamu na chupa yake ya kutupwa, akimwambia mke wake kwamba huo ndio uzima. Alikuwa anampa kilicho bora. Kilicho bora alichokijua kilikuwa hicho.

Alikaa hapo hadi chai yake ikapoa na jua likaanza kushuka. Kisha akasimama, akafunga kanga vizuri, akamwambia binti aende akawaite wenye baa.

Walikuja wakinung'unika, maana jioni ndiyo saa yao ya kazi. Kiherehere alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Fundi saa alikuwa bado kwenye kiti chake. Mama Povu alisimama nyuma ya kaunta na chupa mbele yake, akasema bila kuzunguka.

"Asubuhi nilikosea. Huyu ni mzima. Shusheni."

Ala! Vurugu. Mmoja alisema ameshaagiza kwingine. Mwingine akasema tangu aanze biashara hajawahi kusikia Mama Povu akibadili kauli. Kiherehere, nani tena, akasema kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiri: "Ni kwa sababu ya kazi ya binti, sivyo? Damu nzito."

Binti alifumba macho.

"Njoo uonje mwenyewe," Mama Povu alimwambia Kiherehere. Akammiminia glasi ya mzigo mpya, na pembeni yake glasi ya mzigo wa zamani kutoka friji lake mwenyewe, ule alioupitisha kwa mdomo wake. "Weka kando habari za binti yangu. Mpya hiyo hapo, ya zamani hiyo hapo. Onja."

Kiherehere alionja ya zamani, akaonja mpya, akarudia. Uso wake ulianza na dharau, ukaenda kwenye mashaka, ukaishia kwenye kitu kingine. Alirudi tena kwenye glasi ya zamani, akainusa, akaisukuma mbali.

"Hii ya zamani kama imelala na nguo za kazi," alisema. Watu wakacheka, na wengine wakasogea kuonja. Kelele zilipungua. Dereva alikuwa ameshaanza kufungua turubai bila kuambiwa.

"Sasa na asali?" mwenye baa mmoja akauliza. "Si ulitufundisha wote kutafuta asali? Si marehemu ndiye aliyesema?"

Hapo ndipo binti alipomtazama mama yake. Alijua mama yake hajawahi kusema uongo juu ya bia. Hakusema uongo asubuhi, ingawa mtoto wake mwenyewe alikuwa amesimama pale akiwa na shati la kazi.

"Marehemu alisema kweli," Mama Povu alijibu. "Aliniambia ukisikia asali, hiyo bia imeanza kuzeeka. Mimi wakati huo nilikuwa binti, akili iko kwingine, namtazama yeye badala ya kusikiliza. Nikashika kinyume. Kosa ni langu, na pua ni yangu. Msimtaje."

Watu walicheka tena, safari hii kwa upole, maana nani hajawahi kuwa kijana. Lakini fundi saa hakucheka. Alikuwepo kibarazani. Alikunywa chupa zile zile, akaambiwa habari ile ile ya asali, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameirudia mbele ya watu kwa mdomo wake. Alimtazama Mama Povu, na Mama Povu akamtazama. Feni ikazunguka.

"Ni kweli," fundi saa alisema mwishowe, akikohoa kidogo. "Sasa nakumbuka. Ndivyo alivyokuwa anasema. Hata mimi nilishika vibaya, uzee huu."

Basi kreti zikashushwa, baa moja baada ya nyingine. Binti alipiga simu kwa bosi, akasema maneno machache, akakata. Alitaka kumkumbatia mama yake lakini kaunta ilikuwa katikati, akaishia kuushika mkono wake uliolowa na kuushikilia. Hakumsahihisha neno hata moja, wala hatamsahihisha. Kisha akaenda kusaidia kupanga kreti.

Wateja walikuwa bado hawajaingia. Mama Povu alichukua chupa moja ya mzigo mpya, akainamisha glasi, akamimina hadi povu likasimama. Akaibeba hadi kwenye kiti cha ukutani, kile cha mume wake, ambacho huwa hakikaliwi na mtu. Akakaa yeye. Bakuli aliliacha chini ya kaunta.

Akanywa, akameza. Uchungu ule msafi ulimpanda hadi puani, machozi yakamlengalenga. Akacheka peke yake.

"Mzee wangu," alisema, "huyu ndiye mzima. Na wewe ungemrudisha."

Kisha akainywa yote, pamoja na povu.